Mkutano wa mradi ni Alhamisi: tuandamane au tutafute wakili?

Ndugu yangu, umesema kampuni inataka kuchimba mchanga karibu na kijiji chenu huko Kilifi, chifu ameitisha mkutano Alhamisi, na vijana wamegawanyika: wengine wanataka maandamano siku hiyohiyo, wengine wakili. Mimi ni mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, nimekuwa katibu wa kikundi cha kijiji tangu ndevu zangu nyeusi. Alhamisi nendeni mkutanoni, tena wengi, na mmoja wenu ashike daftari.

Usicheke. Nianze na makaa ya mawe, kwa kuwa ndiyo kesi ambayo kila mtu anaijua nusu. Mtambo wa umeme wa makaa hayo, wa megawati 1,050, ulikuwa ujengwe Kwasasi, huko bara, na dohani ya mita 210. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoka Septemba 2016. Novemba hiyo Save Lamu, kikundi cha wakazi, na wenzao wakakata rufaa kwenye jopo la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Watu wa mbali hudhani tulishinda kwa kulia juu ya moshi na kasa. Suala la tabianchi lilikuwemo, ni kweli, lakini kilichouma sana ni ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano iliyotajwa ilikuwa ya kutambulisha mradi, kabla ya utafiti wa athari kufanywa. Baada ya utafiti, watu hawakurudiwa ipasavyo wakaelezwa umepata nini, wakapata nafasi ya kuhoji. Kwa hiyo tarehe ndizo zilizosema: nani aliitwa lini, akaambiwa nini. Rufaa ya kampuni ya mtambo ilikuja kutupwa na mahakama ya Malindi Oktoba 2025. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, kisha uniambie kama vijana wenu wana pumzi hiyo.

Maandamano nasi tulifanya, tukajaa uwanja wa Mkunguni hapa mjini mpaka pakawa hapapitiki. Yanasaidia kuwaamsha watu na kuwaleta waandishi wa habari. Ila hakimu hawezi kutia kelele ndani ya faili.

Sasa nikupe langu, la mradi mwingine mdogo ambao sitautaja. Waliitisha mkutano chini ya mkungu, saa nne asubuhi, katikati ya kaskazi, msimu wa bahari shwari. Mtu wa bahari anajua maana yake: wavuvi wote wako nje, waliobaki ni wazee, watoto na sisi wenye kazi za kalamu. (Ukitaka wavuvi, ngoja kusi, bahari ikichafuka utawakuta barazani mchana kutwa.) Kukapita soda, kukapita karatasi. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Juu ya karatasi hapakuwa na kichwa chochote. Nikauliza hii ya nini, nikaambiwa ni ya nauli, mzee, tia sahihi tuwalipe. Nikatia. Ndiyo, mimi katibu mzima nilitia.

Miezi kadhaa baadaye tukapata nakala ya ripoti yao, nene kama msahafu, Kiingereza kitupu. Niliihangaikia kurasa za mwanzo usiku mzima, nikatoka kapa. Kijana wangu ndiye aliyefungua kutoka nyuma, kwenye viambatisho. Ile karatasi ilikuwepo, na sasa ina kichwa: orodha ya wakazi waliounga mkono mradi. Jina langu nambari kumi na moja. Chini yangu jina la mjomba, na pembeni yake alama ya kidole gumba.

Mjomba hakuwepo siku ile, alikuwa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Halafu mjomba hatii kidole. Hajasoma shule ya serikali, lakini husaini kwa hati za Kiarabu, mkono mzuri kuliko wangu, na chifu mwenyewe anaujua. Tulipomwonyesha alivaa miwani, akakitazama kile kidole kwa muda, akauliza, "Hiki ni cha nani?" Mpaka leo hatujui.

Kilichotuokoa ni daftari la shule la kurasa 96, lililoingia maji ya chumvi kwenye boti hata nusu ya wino ukayeyuka. Mwalimu mmoja wa madrasa alikuwa ameandika humo tarehe, saa, waliokuwepo, na swali moja moja lililoulizwa na kujibiwa. Mjomba hakuwemo. Tangu hapo, mtu wetu akipewa karatasi haitii sahihi mpaka iwe na kichwa, huandika kando "nimehudhuria tu, sijakubali", kisha huipiga picha. Wenye mkutano hawapendi. Wasipende.

Lingine: waliosema wanataka kazi msiwaite wasaliti. Hapa tulifanya kosa hilo wakati wa makaa, nyumba moja ndugu hawasalimiani. Kijana asiye na kazi akiahidiwa kazi atashika, na ana haki. Muulizeni tu kampuni ni kazi ngapi, za miaka mingapi, na jibu liandikwe.

Na andikeni pia mnachokipata sasa kabla hakijapotea: nani anavua wapi, kwa nyavu za jarife au mitego ya malema, kilo ngapi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu, zaidi ya 4,000, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Hapo ndipo unaulizwa mvuvi ni nani, na waliokuwa na kumbukumbu ndio wanaojibu bila jasho.

Wakili tafuteni mapema, kwa kuwa leseni ikitoka mna siku 60 za kwenda kwenye jopo, na siku hizo huisha watu wangali wanachanga. Ibara ya 70 ya Katiba haikulazimishi kuthibitisha kwamba umeshaumia ndipo ushtaki, kwa hiyo msingoje mchanga uishe.

Ripoti yenu ikitoka, ombeni nakala kwa barua, mbaki na barua iliyogongwa muhuri. Mkiipata msianze mwanzo. Anzeni nyuma, mtafute majina, na kila mwenye jina aitwe aangalie sahihi yake.