Usivunje mkataba na karakana kabla watoto hawajapata pa kwenda

Mkuu, hiyo barua usiitume. Umesema karakana inayokushonea nguo imekutwa na watoto chini ya miaka 15, mkaguzi wako anataka uvunje mkataba leo leo, na unauliza ubandike nembo gani ili wateja wakuamini. Ukivunja leo jina lako litabaki safi, lakini watoto wale wataingia kwenye kazi mbaya kuliko hiyo.

Hili lilishatokea. Mwaka 1992 seneta Tom Harkin wa Marekani alipeleka mswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Haukuwahi kuwa sheria, ila wenye viwanda vya nguo Bangladesh waliogopa kupoteza soko, na mwaka 1993 wakafukuza watoto wanaokadiriwa kufikia 50,000. Walipofuatiliwa baadaye, shuleni hawakuwepo. Walikutwa wanaponda mawe, wanahangaika mitaani, wengine wameingia kwenye ukahaba. Ndipo mwaka 1995 wenye viwanda, Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, wakasaini makubaliano: mtoto asitolewe mpaka nafasi ya shule ipatikane, apewe posho ya taka 300 (taka ni fedha ya Bangladesh) kwa mwezi, na kazi yake apewe ndugu yake mtu mzima. Hata hapo posho ilikuwa ndogo kuliko mshahara aliouacha, na pengo hilo ndilo humrudisha mtoto kazini.

Hawa wakaguzi wananikera sana. Wanatangaza tarehe ya kuja, watoto wanaambiwa siku hiyo wasije, na kazi ya kukata nyuzi na kushona vifungo inahamishiwa majumbani usiku. Ripoti inatoka safi. Siku mtoto akionekana, ushauri wao ni mmoja tu: kimbia. Wakishalipwa, hakuna anayeuliza mtoto kaenda wapi.

Kwa hiyo anza hivi. Anayeshika kemikali, mashine ya kukatia au zamu ya usiku aondolewe kwenye kazi hiyo leo, bila kukatwa mshahara, hilo halisubiri. Kisha hakiki umri kwa vyanzo viwili au vitatu: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rekodi ya shule. Usikadirie kwa macho. Uingereza ilipopiga marufuku watoto chini ya miaka 9 kwenye viwanda vingi vya nguo mwaka 1833, vizazi vilikuwa bado havisajiliwi kiserikali, madaktari wakawa wanakisia umri kwa kimo na meno, na wadogo wengi wakapenya. Leo kosa huenda upande wa pili pia: kijana wa miaka 16 anafukuzwa wakati Mkataba wa ILO namba 138 unamruhusu kufanya kazi isiyo ya hatari.

Posho ilingane na mshahara wa mtoto, ilipwe kila mwezi kwa kuangalia mahudhurio ya shule, mpaka afikishe umri wa kazi. Andikianeni na karakana nani analipa kiasi gani. Ukimwachia mwenye karakana mzigo wote, atawaficha watoto.

Halafu rudi kwenye bei yako. Oda ya haraka kwa bei isiyotosha mshahara wa mtu mzima lazima imegewe fundi wa pembeni, na huko ndiko watoto wanakokaa. Ongeza bei, ongeza siku za kushona, kataza kugawa kazi bila idhini yako ya maandishi. Mkataba uvunje pale tu mwenye karakana atakapokataa kuwalipia watoto hao.