Usiamini jina la bendi: namna ya kumjua anayepiga kwenye santuri za jazi na bluzi za miaka ya 1920

Lebo imeandikwa Lill's Hot Shots, Vocalion 1037, mwaka 1926. Sikiliza koneti, ala inayofanana na tarumbeta: ni Louis Armstrong huyo, na waliomzunguka ndio walewale wa bendi yake ya Hot Five, akina Kid Ory, Johnny Dodds, Johnny St. Cyr na Lil Hardin. Armstrong alikuwa na mkataba na kampuni ya OKeh, basi kwa kampuni ya Vocalion bendi ikavalishwa jina la mkewe, Lil. Ukitafuta kwa jina la Armstrong peke yake, santuri hiyo utaipita.

Kwa hiyo anza na namba. Ya katalogi, iliyochapwa kwenye lebo, inakuambia kampuni na wateja waliolengwa: OKeh za 8000, Paramount za 12000 na Columbia za 14000-D ziliuzwa kwa Wamarekani weusi. Kisha chukua tochi, imulike santuri kwa mshazari, utazame ile sehemu laini kati ya mistari inapoishia na karatasi ya lebo. Kwenye OKeh au Paramount utaona namba ndogo imekwaruzwa au kugongwa hapo. Hiyo ndiyo ya matrisi, iliyotolewa wakati wa kurekodi, na kwa kawaida hubaki ileile hata lebo ikibadilishwa jina. Kwa santuri za kampuni ya Victor za miaka hiyo usihangaike kuitafuta. Tumia ya katalogi. Ila ukiona VE ndani ya umbo la yai, jua imerekodiwa kwa maikrofoni, yaani 1925 au baadaye. Kabla ya hapo wanamuziki walipigia mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti, na ngoma kubwa hazisikiki vizuri.

Namba hizo ziingize kwenye hifadhidata ya rekodi za zamani za Marekani ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, haina malipo. Wengi hukosea hapa: huandika ya katalogi mahali pa matrisi, au hudharau herufi ya mwisho. Herufi A na B baada ya namba ya OKeh ni upigaji wa mara ya kwanza na wa pili wa wimbo uleule, na solo hazifanani.

Kama una santuri yenyewe mkononi, usiichezeshe kwa sindano ya LP. Ni nyembamba mno, inaburuzika chini kabisa ya mfereji na kuokota mikwaruzo tu. Weka ya unene wa mili 3, yaani sehemu 3 za elfu moja za inchi (si milimita). Wala usiisafishe kwa spiriti, inayeyusha shelaki, ile gundi iliyotengenezea santuri.

Sasa majina yenyewe. Idadi iliyo kwenye jina usiitegemee. Hot Five ya Novemba 1925 ni watu 5 kweli, lakini ile ya Juni 1928 yenye Earl Hines kwenye piano ni 6. Kiongozi wa bendi Duke Ellington ndiye anayeumiza kichwa zaidi: The Washingtonians, The Jungle Band, The Harlem Footwarmers, The Whoopee Makers, zote ni zake, kila kampuni na jina lake. Jina la mji nalo ni biashara tupu mara nyingi, ingawa Memphis Jug Band (jug ni mtungi) walikuwa wa Memphis kweli, na mtungi wao ulikuwa mtungi kweli: mpigaji anauweka karibu na midomo, anavumisha, besi inatoka. (Aliyekulia na Tabora Jazz au Morogoro Jazz hatashangaa; kwetu neno jazz lilifika hata pale muziki wenyewe ulipokuwa rumba.)

Jina linaloanza na Blind, yaani kipofu, nalo ulichunguze. Blind Lemon Jefferson hakuwa akiona. Blind Willie Dunn aliona vizuri tu: ni Eddie Lang, mzungu wa Philadelphia, aliyefichwa jina ili apige gitaa na Mwamerika mweusi Lonnie Johnson kwenye santuri za OKeh za wateja weusi.

Paramount nao mwaka 1929 walitoa 12805 kwa jina la The Masked Marvel (wa ajabu mwenye barakoa), wakawataka wateja wabahatishe ni nani, zawadi santuri ya bure. Alikuwa mwimbaji wa bluzi Charley Patton, na sauti ile ya kukwaruza haifichiki kwa barakoa.