Shangazi, mama hataki nihame

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, nilizaliwa na mgongo wazi, natumia wilchea. Nimepata kazi mbali na nyumbani ila mama hataki hata kusikia, anasema huko nani atakuwa ananiwekea katheta, ule mrija wa kutolea mkojo. Nikisisitiza analia. Mimi ni mtoto mbaya?"

Marahaba mwanangu. Wewe sio mtoto mbaya hata kidogo, na mama sio adui yako, huyo ni mtu kalala jicho moja wazi miaka 22 akisikilizia kama uko salama, hofu hiyo haiwezi kuisha siku moja kisa umepata kazi.

Ila hilo swali lake la katheta ni la kweli na jibu lake unalo wewe. Wenzako wengi wenye mgongo wazi wanajiwekea wenyewe, wengine tangu shule ya msingi, kila baada ya masaa manne hivi, na wadada wengi wanaanza na kioo kidogo mpaka mkono uzoee. Mwombe nesi akufundishe, mama awepo lakini asiguse. Siku za kwanza utakosea, utalowesha shuka, utalia, kesho unarudia tena.

Halafu kliniki, daktari akiuliza "anaendeleaje?" huku anamwangalia mama, jibu wewe. Mama ana faili lako lote kichwani na hilo ndo linamtisha, anaona ukiondoka unaliacha. Mkalishe akusimulie, uandike kwa mkono wako: kama una mrija wa kutoa maji kichwani, uliwekwa lini, na kwamba kichwa kikikuuma sana huku unatapika au unasinzia sinzia hiyo ni hospitali haraka, sio kumeza dawa ukalale. Glovu za lateksi, zile za mpira, zinakudhuru au la. Ngozi ya makalio unaikagua kila siku maana kidonda kinaanza bila wewe kuhisi.

Na usidhani lazima ufanye kila kitu mwenyewe ndo uhesabiwe mtu mzima. Ed Roberts wa Marekani alipooza kwa polio akiwa na miaka 14, akaingia chuo kikuu cha Berkeley 1962, usiku analala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, mchana wasaidizi wanamsukuma na kumlisha, ila ratiba ya maisha yake aliipanga yeye. Hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 19, unasema una haki ya kuchagua uishi wapi na nani. Usiende kumsomea mama kifungu jamani, ataumia bure, wewe kijue tu.

Kabla ya kuhama, mwombe mama asafiri wiki moja ubaki peke yako, kuwe na jirani wa kumwita kukitokea shida. Kubalianeni saa ya kumpigia simu kila jioni, na saa hiyo ikifika piga kweli, hata kama siku yako imekuwa mbaya.