Kabla Hujatoa Hela ya Ndama, Geuza Sikio Lake

Juzi dada mmoja wa Tandahimba aliniandikia. Malipo ya korosho ya mnada wa kwanza yameingia, na jirani amemwonyesha ndama dume anayeuzwa 130,000. Anataka kumfuga ili wanawe wale nyama ya kwao mwenyewe badala ya kupimiwa robo robo buchani. Akaniuliza: "Dada, ninunue? Mbona ni bei nzuri?"

Nilisoma ujumbe ule mara mbili nikaweka simu chini. Mimi wa kwangu nilimnunua 120,000, Januari 2023, na alikufa siku ya kumi na tisa.

Nikuambie ilivyokuwa. Tulikuwa na hela ya korosho mkononi, mvua imekolea, majani yamejaa Newala yote, nikasema huu ndio wakati. Dalali alimleta hadi mlangoni, amefungwa kamba ya katani, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Alikuwa mdogo lakini shingo chini ya masikio ilionekana imejaa. Mimi nilidhani ni unene! Nilimsifia mume wangu: tazama shingo, huyu atakuwa dume la haja. Yalikuwa ni matezi yamevimba. Ndani ya sikio kupe walikuwa wamepangana mstari kama punje za ulezi, kahawia, wamejishikiza. Niliwaona siku ya tatu nilipokuwa nampapasa, nikawang'oa kwa mkono mmoja mmoja nikafikiri nimemaliza kazi.

Wiki ya pili aliacha kula. Manyoya yalisimama, macho yakatoa machozi. Nikaenda dukani kununua dawa, muuzaji akaniambia hiyo ni minyoo, akanipa dawa ya minyoo. Nikapoteza siku tatu nzima. Daktari wa mifugo alipofika ndama alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima mbio, povu linamtoka puani. Alimchoma sindano akaniambia ukweli: ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na tumechelewa. Dawa ya ndigana huokoa ikiwahi. Nilimlipa 35,000 na asubuhi tulimfukia nyuma ya mikorosho. Nilimpigia dalali, hakupokea. Mpaka leo hajapokea, na sifichi, bado inaniuma.

Kilichoniuma zaidi ni maneno. Shemeji yangu alisema mbele ya watu kwamba ng'ombe si kazi ya Wamakonde, tena si kazi ya mwanamke. Nilinyamaza. Lakini nililala nikiwaza kwamba kuna kweli moja ndani ya dharau yake: hatukukua na ng'ombe. Bibi zetu walifuga kuku na mbuzi, mapori yalikuwa na mbung'o, wale inzi wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa, na ng'ombe wakaonekana kwa wingi huku kusini baada ya 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka Ihefu na Usangu wakaletwa mkoa wa Lindi. Vitu ambavyo mtoto wa mfugaji anavijua akiwa na miaka saba, mimi nilikuwa najifunza nikiwa na watoto wangu wanne. Kutojua kunaponyeka, jamani. Kinachotuua ni kuona haya kuuliza.

Kwa hiyo nikaenda kuuliza. Novemba 2023 nilifunga safari hadi upande wa Nachingwea kwa mzee mmoja wa Kisukuma ambaye mume wangu alimfahamu. Sikununua papo hapo. Mzee aliniketisha kwenye kigoda, akamwekea ndama maji kwenye beseni, akasema tusubiri. Tulikaa karibu saa nzima. Alikuwa anataka nimwone akinywa, akitembea, akinya, halafu akilala kivulini na kucheua. Ndama asiyecheua, akasema, usimguse hata ukipewa bure. Kisha akalishika sikio, akaligeuza ndani nje kama unavyogeuza mfuko wa suruali, akaniambia nipapase chini yake kwa vidole viwili. Pande zote mbili. Pasiwe na donge. Akanifungulia mdomo wa ndama nione meno: yote ya maziwa, madogo na meupe, hajang'oa hata moja.

Nilimlipa 290,000 na sikuomba apunguze hata mia.

Hapo ndipo ninapotaka dada wa Tandahimba asimame kidogo. Ile 130,000 siyo bei ya ndama. Mahesabu yangu ya yule wa pili niliyaandika kwenye daftari la shule la mwanangu: ndama 290,000, dawa na daktari 95,000, pumba za mahindi na mashudu ya ufuta 240,000, chumvi 12,000, na maji 108,000. Ndiyo, maji. Sisi wa juu huku uwandani tunaijua kiu. Kuanzia Juni hadi Novemba bati halidondoshi tone, na maksai wangu alikuwa anakunywa madumu mawili kwa siku ya shilingi 300 kila moja. Jumla 745,000. Ukiwa na hela ya ndama peke yake, huna hela ya ndama. Subiri msimu ujao.

Siku thelathini za kwanza ndizo zinazoamua. Nilinunua kipimajoto, na kila asubuhi kabla ya jua kukolea nilimpima kwenye njia ya haja kubwa. Ndama mzima yuko kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Ikipita hapo napiga simu kwa afisa mifugo, siendi dukani kuuliza. Dawa ya kupe nilimpulizia kila wiki mvua ilipoanza, na bomba lilikuwa lake peke yake. Nalirudia hili kwa sauti: bomba la kupulizia mikorosho lisiguse ngozi ya ng'ombe, hata ulisuuze mara kumi. Wala usimfunge chini ya mikorosho watu wanapopuliza salfa, wala wakati korosho zinaanguka, maana utomvu wa ganda lake unaunguza mdomo. Muulize afisa wako kuhusu chanjo pia, za kimeta na chambavu, na ile ya ndigana kali kama anayo. Tulimhasi mapema kwa koleo akiwa bado mdogo, akatulia, akaacha kuvunja kamba.

Miezi ya katikati sina la kusimulia. Anakula, ananenepa, watoto wanakata majani.

Uzito nilikuwa naupima kwa futi kamba ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, pima na urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako, karibu na mkia, vyote kwa sentimita. Kifua mara kifua mara urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo. Alipofika alikuwa kifua 110, urefu 95, yaani kama kilo 106. Machi 2025 alikuwa 150 kwa 120. Kilo 249! Nilirudia hesabu mara tatu nikamwita mume wangu aje ahesabu yeye.

Tulimchinja siku moja kabla ya Idi. Nilikuwa nimehakikisha siku za kusubiri baada ya dawa ya mwisho zimepita, kama zilivyoandikwa kwenye chupa, na afisa mifugo alikuja kukagua ini na mapafu kabla hatujakata nyama. Kwenye mizani nyama na mifupa ilitoka kilo 112. Kwa bei ya buchani kwetu wakati ule, 10,000 kwa kilo, ilikuwa zaidi ya milioni moja na laki. Nililia, sitaki kudanganya.

Shemeji alikuja na ndoo mbili. Akaondoka na mguu mzima wa nyuma, kwa sababu hatukuwa tumepanga mgawo na mimi sikuweza kumkatalia mbele ya wageni. Hili ni kosa langu, na nawaomba msilirudie. Hatuna friji za kubeba kilo mia. Tafuteni familia moja ya kuaminika, mchange tangu siku ya ununuzi, muandikiane nani anachukua nini, na sadaka iwe kiasi gani. Siku ya kuchinja hakuna anayeweza kusema hapana. Na ninyi wenye kuwacheka wanawake wanaofuga, njooni wakati wa kukata majani pia, si wakati wa kisu tu.

Dada wa Tandahimba, usitoe hela kesho. Nenda asubuhi, kaa saa nzima, mwone akicheua, geuza sikio, papasa pande zote mbili, halafu unitumie picha. Muulize muuzaji ametoka wapi na kibali cha kusafirisha kiko wapi. Akikuharakisha, rudi nyumbani.

Mimi nimeshamleta mwingine, mwekundu, kwa yule yule mzee. Leo ni siku yake ya kumi na moja. Asubuhi kipimajoto kilionyesha 38.9.