Binti wa bibi niliyemuuguza ananishukuru, nami nahisi nilimuua mama yake

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Uingereza mwaka wa tisa sasa, kazi yangu kutunza wazee. Aprili 2020 nilikuwa chini ya wakala, leo nyumba hii ya wazee, kesho ile. Wiki moja nikawa na mafua na mwili mzito. Nilichemsha chai ya tangawizi, nikainamia kikombe, sikusikia harufu yoyote. Nikameza Panadol, nikaenda zamu tatu. Ukikaa nyumbani hulipwi, na mama alikuwa anasubiri hela ya dawa za presha.*

*Siku kumi baadaye bibi mmoja niliyempenda akaanza kukohoa. Usiku wake wa mwisho nilikuwa naye mimi. Alinishika kidole juu ya glavu, akawa ananiita kwa jina la binti yake, nami nikaitika. Binti mwenyewe alimwona mara ya mwisho kupitia dirishani. Kila Krismasi hunitumia kadi ya shukrani. Mwaka huu ameniomba twende wote London, kwenye ule ukuta wa mioyo wa kuwakumbuka waliokufa kwa Korona, tukaandike jina la mama yake. Anasema hajajisamehe kwa kutomrudisha nyumbani mwezi wa tatu. Shangazi, nimwambie? Au nimkwepe tu mpaka achoke? Usingizi sina.*

*Mwenye Deni*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeiacha chai yangu ipoe.

Nianze na hiyo tangawizi, maana naona ndipo ulipojihukumu. Serikali ya huko iliingiza kupoteza harufu kwenye orodha ya dalili za Korona tarehe 18 Mei 2020. Wewe ulikuwa Aprili. Walichowaambia watu wakati ule ni homa na kikohozi kipya kisichokoma, nawe hukutaja hata kimoja. Vipimo kwa wahudumu wasio na dalili vilitangazwa tarehe 28 Aprili. Leo kila mtu anajua maana ya chai isiyonukia. Yule dada wa Aprili hakujua, na si haki kumhukumu kwa elimu aliyoipata baadaye.

Halafu kuna mlango ambao barua yako haiugusi kabisa. Tarehe 17 Machi hospitali za England ziliagizwa kuachia vitanda. Hadi katikati ya Aprili wagonjwa wapatao 25,000 walikuwa wametolewa wodini na kupelekwa kwenye nyumba za wazee, na sharti la kuwapima wote kwanza lilikuja tarehe 15 Aprili. Wanawake wawili waliofiwa na baba zao, Cathy Gardner na Fay Harris, waliipeleka serikali mahakamani. Aprili 2022 Mahakama Kuu ikasema sera ile ilikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu haikuzingatia hatari ya wazee kuambukizwa na mtu asiyeonyesha dalili. Kwa hiyo aliyeingia na ugonjwa mle ndani anaweza kuwa wewe. Anaweza pia kuwa mgonjwa aliyeshushwa na ambulensi wiki ile, au mpishi, au mwenzako wa zamu ya mchana. Wakazi wa nyumba hizo waliokufa kwa Korona England na Wales wanapita 40,000. Huwezi kuwa wewe uliyeingia milango yote hiyo.

Ila sitakufuta machozi kwa uongo. Ile zamu ya tatu ni yako. Ulijua mwili hauko sawa. Iache iwe na ukubwa wake uleule: zamu ya mtu mwenye mafua anayetafuta hela ya dawa za mama yake. Posho ya ugonjwa ya kisheria ilikuwa pauni 95.85 kwa wiki, na wewe unasema hata hiyo hukuiona. Baadaye utafiti wa serikali yao wenyewe kwenye nyumba za wazee, ule ulioitwa Vivaldi, ulionyesha kwamba pale wahudumu walipolipwa wakiugua, wazee waliambukizwa kwa uchache, na palipotegemewa sana watu wa wakala hali ilikuwa mbaya zaidi. Walioupanga mshahara wako hivyo sidhani kama wanakosa usingizi.

Na huku kwetu je? Mwaka 2021 tulizika watu kwa "changamoto ya upumuaji", tukala pilau ya msiba, hakuna aliyeuliza nani alianza kukohoa nyumbani mle. Sisemi tulifanya vema. Nasema umebeba peke yako swali ambalo koo nzima hapa zililikimbia.

Sasa huyo binti. Umeyaandika maneno yake mwenyewe kisha ukayapita: hajajisamehe kwa kutomrudisha mama yake mwezi wa tatu. Mwanangu, naye anaamini ni yeye aliyemuua! Mko wawili mnang'ang'ania kosa moja. Ukimwagia ungamo lako pale ukutani, utalala wewe, atakesha yeye, akihesabu siku na zamu ambazo hakuna kipimo kitakachozijibu. Ungamo lipeleke kwa Mungu wako, na kwa mshauri nasaha pia. Huko England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa mshauri wa NHS, huduma ya afya ya serikali, bila kupitia kwa daktari. Miaka yote hii bila usingizi ni ugonjwa, usiudharau.

Lakini usimdanganye. Akikuuliza uso kwa uso kama nawe uliugua, mjibu: niliugua, sikujua ni nini, nilikuja kazini, sijui kama ni mimi. Ishia hapo. Usilie mpaka ikabidi yeye akubembeleze, siku ambayo ni ya mama yake.

Kumkwepa sikubali. Unataka akose hata mtu mmoja wa kumuuliza usiku ule ulikuwaje?

Nenda. Ukuta uko kando ya mto Thames, unatazamana na Bunge, una mioyo myekundu zaidi ya 200,000 iliyoanza kuchorwa Machi 2021. Wino hupauka kwa jua na mvua, wapo wanaojitolea kuipaka upya, kwa hiyo mkikuta majina yamefifia msishtuke. Vaa koti zito, upepo wa mtoni si wa mchezo.

Mkiwa pale mtaongea. Kikombe cha chai umekieleza vizuri sana, mpaka ulivyokiinamia. Kuitwa kwa jina la binti yake umekupitia kwa maneno machache tu. Yeye alibaki nje ya kioo, na huenda miaka yote hii anadhani mama yake alimtafuta akamkosa. Mwambie mama alimwita, na aliitikiwa.