Ukipeleka kihisi kwa mkulima wa Uyole, anza na baridi

Asubuhi moja ya Julai, pembeni kidogo ya Uyole, Mbeya, nilimwambia mama mmoja kwamba mahindi yake yana sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Kihisi, yaani kifaa cha kuipima sumu hiyo, kilikuwa kinaenea kiganjani, namba inasomeka wazi, imepita kiwango kinachoruhusiwa. Akayatazama magunia yake, akauliza, "Yote, mwanangu?" Nikamjibu yote. Siku nne baadaye majibu ya maabara kwa sampuli ileile yakatoka: mahindi yalikuwa salama. Kufikia hapo alishauza magunia matatu kwa bei ya chakula cha kuku.

Haya nawaandikia wanafunzi na wasaidizi wa utafiti wanaoingia kwenye miradi ya ushirikiano kama wetu, ambako chuo kimoja kinatengeneza vihisi na kingine kinavipeleka kwa wakulima.

Jifunze kifaa kinavyofanya kazi, usiishie kusoma namba. Chetu kilitumia kipande chembamba chenye elektrodi zilizochapwa kwa wino wa kaboni, ndugu wa vile vipande vya kupimia sukari ya damu. Juu yake zimegandishwa kingamwili zinazonasa sumukuvu. Unadondoshea maji ya sampuli pamoja na sumukuvu nyingine iliyounganishwa na kimeng'enya, protini ambayo kazi yake ndiyo inayoleta umeme unaopimwa, nazo zinagombania nafasi kwenye kingamwili. Sumu ya kwenye mahindi ikiwa nyingi, kimeng'enya kinakosa pa kukaa na umeme unaotoka unakuwa mdogo. Kwa hiyo umeme mdogo husomeka kama sumu nyingi. Sasa kimeng'enya kikipigwa na baridi kinazubaa, umeme unashuka, na kifaa kinaona sumu ambayo haipo. Wenzetu wa chuo kinachokitengeneza walikuwa wamekirekebisha vipimo vyake kwenye chumba cha nyuzi 25. Sisi tulikuwa barazani, chini ya nyuzi 10, tunapuliza vidole.

Swali la kifaa kitapimia kwenye joto gani lilipaswa kuulizwa kikao cha kwanza. Tuliuliza habari za betri na za posho, hilo la joto hakuna aliyelikumbuka.

Siku hizi sipimi mahindi ya mkulima yeyote kabla ya kupima sampuli mbili nilizokuja nazo: unga wa mahindi ninaojua ni safi, na mwingine ambao kiwango chake cha sumukuvu kimethibitishwa maabara. Nazipima palepale, kwenye baraza lilelile. Ule safi ukisomeka una sumu, kazi inasimama mpaka jua lipande au tupate chumba chenye joto. Na vipande vilivyotoka kwenye friji viache ndani ya pakiti yake nusu saa hivi. Ukivifungua vikiwa baridi vinashika unyevu wa hewani.

Halafu kuna uchotaji, ambao naona ndio unaodharauliwa kuliko yote. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo moja ya mahindi. Konzi moja ya juu ya gunia haikwambii chochote, hata kihisi kiwe kizuri namna gani. Chukua bambo, ule mrija wenye ncha wa kuchotea nafaka guniani, choma gunia juu, katikati na chini, nenda gunia hadi gunia, changanya, saga zote pamoja, ndipo uchukue kidogo cha kupima.

Sisemi vifaa hivi viachwe. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na maabara haziko kila kijiji. Navitaka vifike Mbozi, vifike Makete, vifike kila palipo na kihenge. Ila wakati bado vinajaribiwa, namba yake ni ya daftari la mtafiti. Mkulima apewe jibu la maabara, na siku ile ya kwanza aambiwe hivyo kwa maneno mepesi, kabla bambo halijagusa gunia.

Nilirudi kwa yule mama na karatasi ya maabara mkononi. Alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ungeniambia nisubiri siku nne, ningesubiri."

Tuliomba mradi umfidie tofauti ya bei. Ilichukua miezi miwili, kwa sababu bajeti haikuwa na fungu la kumfidia mkulima aliyeumizwa na kosa letu. Liwekeni fungu hilo mapema, mkiwa bado mnaandika andiko la mradi.