Jibu: Babati wikiendi moja ukitokea Moshi, bila gari

Salama mkuu. Umeuliza kama Babati inafaa kwa wewe, shemeji na mtoto, mkitoka Moshi Jumamosi na kurudi Jumapili kwa basi. Inafaa, ila kitu cha kwanza ni siti za kurudi. Jumapili magari yanayotokea Singida na Dodoma mara nyingi hupita pale yameshajaa, kwa hiyo mkishuka tu stendi kateni tiketi ya kesho, gesti baadaye.

Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, halafu kama 170 hadi Babati, lami tupu kupitia Makuyuni na Magugu. Tokeni alfajiri.

Ziwa Babati liko pembeni kabisa ya mji, bajaji inatosha. Mtumbwi chukueni asubuhi maji yakiwa yametulia. Patana bei na mvuvi kabla ya kupanda, na kama hana jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, bakini nchi kavu. Viboko wapo, tena si wa kutafuta: unaona masikio na matundu ya pua tu, mara anapumua kwa kishindo, maji yanaruka. Usiku hutoka kula majani, hivyo giza likianza kuingia ondokeni ukingoni. Kuogelea msahau.

Perege wa kukaanga na ugali wa moto, mimi hicho pekee kinanirudisha. Chumba ukiulizia, angalia chandarua kwanza.

Mtoto akiwa hawezi safari ndefu, nendeni ziwa Duluti pale Tengeru, karibu na Arusha, mnarudi siku hiyohiyo. Ziwa Chala nako ni pazuri mno, ila bila gari ni usumbufu.